Watu Ishirini na Wawili wa Mpondwe

Wewe unayenisikiliza, ukikaa ukatulia dakika tano, halafu mtu akakushika kifundo cha mkono akahesabu, moyo wako unapiga mara ngapi kwa dakika moja? Hujui. Wala usione haya, wengi hawajui. Watu wa soko la Mpondwe nao hawakujua, mpaka Ijumaa ile Aimée alipotoa benchi la mama yake mdogo, akaliweka pembeni ya mafungu ya vitunguu, akaanza kuwaita watu mmoja mmoja.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Siku ya soko pale mpakani huwezi kusimama bila kusukumwa. Malori yamepanga foleni kutoka darajani, wanawake wanavuka na magunia ya maharagwe mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wauza kuku wanashindana kupiga kelele, na harufu ya samaki wakavu wa Kahendero inakuingia puani pamoja na vumbi. Katikati ya hayo yote Aimée alikaa ametulia, amevaa gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya njano, shingo ya mraba, mikono mifupi yenye marinda. Nywele alikuwa amesuka mistari sita iliyorudi nyuma. Mkononi alishika saa ndogo yenye mshale wa sekunde, na juu ya mapaja daftari.

Alikuwa ameshapata watu tisa. Alibakiza mmoja.

"Weye papa mwenye viatu!" aliita. "Kuja ukae hapa kidogo. Haiumi."

Kijana aliyeitwa alikuwa amening'iniza begani viatu vya kukimbilia, vya mtumba, alivyotoka kununua sasa hivi. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, suruali yake ya michezo ina mistari miwili ubavuni. Jina lake Ojok. Baba yake alikuwa sajini, anakaa kambini Kasese na familia yake. Wao ni watu wa kaskazini, na Ojok alikuwa na mwaka mmoja tu katika mkoa huu, kwa sababu shule yote alisoma bweni huko kwao.

"Unauza nini, dada?"

"Siuzi. Niko nahesabu mapigo ya moyo."

"Moyo yangu? Utaipata? Iko mbali sana."

"Kaa, acha maneno."

Akakaa. Aimée akamshika kifundo, akatazama saa, akahesabu dakika nzima midomo ikicheza. Akakunja uso. Akahesabu tena. Alipoanza mara ya tatu, Ojok akacheka.

"Vipi? Nimekufa?"

"Arobaini na nane," Aimée alisema. "Mutu muzima hawezi kuwa na arobaini na nane. Uko mugonjwa?"

"Mimi nakimbia kila asubuhi, kambini mpaka Bulembia na kurudi. Hiyo ndiyo moyo ya mkimbiaji. Inapiga kidogo, inafanya kazi mingi."

Aimée aliandika, akajumlisha, akagawanya kwa kumi, akapiga daftari kwa kalamu. "Umeniharibia hesabu! Bale tisa wastani yao ni sabini na sita. Nikikuweka weye, inashuka mpaka sabini na tatu."

"Basi nitoe."

"Non. Mwalimu alisema mutu hatolewi juu ya kuwa tofauti na wengine."

Ojok akanyanyuka nusu. "Mwalimu gani?"

"Mwalimu Baker."

"Baker wa mbinu za utafiti? Pale chuo, Kasese? Dada, hiyo ni zoezi yangu! Ya Jumatatu! Mimi sijapima hata mtu mmoja."

Ndivyo walivyojuana. Darasa la Mwalimu Baker lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia: wa sayansi ya afya walikaa mbele, wa sayansi ya michezo walikaa nyuma karibu na mlango, na tangu muhula uanze wawili hawa walikuwa wanasoma namba zile zile bila kuonana uso. Ojok aliomba anakili wale watu kumi. Aimée alimwambia atafute kumi wake. Akaomba namba ya simu, hiyo akapewa.

Jumatatu mwalimu akakusanya madaftari na kutangaza kazi kubwa ya muhula. Kila mtu wa afya ashike mtu wa michezo, wawili wawili, watafute swali moja, wapime watu sitini, walete jibu. Kabla hajamaliza sentensi, Ojok alikuwa ameshapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Mimi na huyu," alisema, na safu nzima ya wasichana ikaguna.

Swali lao lilizaliwa pale pale mpakani. Mtu anayebeba mizigo kila siku na mtu anayekaa kwenye kibanda akiuza, ni moyo wa nani unatulia haraka baada ya kazi? Wapime wabeba mizigo thelathini na wauzaji thelathini. Kila mmoja apande na kushuka kipandio cha mbao dakika tatu, akae dakika moja, ahesabiwe. Aimée aliishi Bwera kwa mama yake mdogo Rachelle, anayeuza vitenge sokoni, kwa hiyo kupima kulikuwa juu yake. Kuingiza kwenye kompyuta ya chuo kulikuwa juu ya Ojok.

Wakaanza kupigiana simu kila siku saa moja jioni, Aimée akichambua maharagwe ya kesho, Ojok amekaa nje ya nyumba yao kambini.

"Halo, mama wa wastani."

"Halo, arobaini na nane. Leo nimepima watano. Mmoja alicheka mpaka akaanguka kwenye kipandio."

"Umemuandika?"

"Nimemuandika baada ya kuacha kucheka. Mukimbiaji, umekula?"

"Nimekula. Lakini moyo inapiga sabini sasa. Sijui kwa nini."

"Umepanda ngazi?"

"Nimesikia sauti yako."

"Eh! Hiyo andika kwenye fomu yako mwenyewe."

Siku Aimée akija chuoni walikaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Ojok atauliza, "Mpenzi, unataka nini? Chapati? Mandazi?" Na Aimée atajibu, "Kile unataka." Nikueleze hilo, maana si adabu tu. Alivuka mpaka kama mkimbizi kutoka upande wa Butembo akiwa na miaka kumi na miwili, amemshika Rachelle upindo wa kitenge. Kila kizuizi, kila meza yenye mhuri, alijifunza kusema sawa. Ukisema sawa unapita. Masista wa parokia walimlipia chuo, miaka mitatu kamili, na walimwambia wazi hakuna wa nne. Hiyo nayo alisema sawa. Mtu akizoea hivyo, siku moja anaulizwa anachotaka na ulimi haujui pa kuanzia.

Watu sitini walipatikana kwa wiki tatu. Aimée akafunga fomu kwa uzi, akampa Ojok mkononi, naye Jumamosi mchana akakaa katika chumba cha kompyuta na rafiki yake Okello wa darasa la michezo. Ojok anasoma, anaandika. Masika, mwanamke, miaka thelathini. Muhindo, mwanamke, miaka arobaini. Masika, mwanamke, miaka thelathini. Kule, mwanamume, miaka thelathini. Masika, mwanamke, miaka thelathini.

"Umeshaandika huyo," Okello alisema.

"Hapana. Ni fomu nyingine."

Wakazitandaza mezani. Masika saba. Muhindo saba. Kule sita. Bwambale sita. Na karibu wote miaka thelathini au arobaini, hakuna mwenye thelathini na moja. Okello akapiga mluzi mdogo.

"Rafiki yangu, huyo dada alikaa nyumbani akaandika. Majina ilimwishia."

"Usiseme hivyo."

"Mimi nasoma karatasi tu. Unakumbuka yule wa mwaka jana, aliyetunga namba? Hakumaliza hata wiki, akarudishwa kwao."

Ojok alimkumbuka. Akamfikiria Aimée na masista wake na miaka mitatu. Simu ilikuwa mfukoni. Swali moja tu, na jambo lingekwisha kabla ya chai. Lakini aliogopa jibu. Akaacha mmoja wa kila jina, wengine akawafuta mstari kwa mstari: wabeba mizigo kumi na sita, wauzaji sita. Zile fomu ishirini na mbili akazibeba ndani ya fulana mpaka nyumbani, akazisukumiza kwenye jiko la makaa chini ya sufuria ya mama yake. Akazitazama mpaka zikawa jivu. Aliona amefanya kazi ya mwanamume anayependa.

Saa moja jioni simu ikalia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wote sitini?"

Ojok akalitazama jiko la makaa. "Kila kitu iko sawa, mpenzi. Wewe siku ile kaa tu, mimi nitasema mbele ya darasa."

Aimée alisikia sauti imekauka. Alitaka kuuliza. Akasema, "Sawa."

Jumatano ya kueleza kazi ikafika. Aimée alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kola ikasimama, sketi nyeusi chini ya magoti. Ojok alivaa tai ya baba yake, ya kijani, fupi kidogo. Akaonyesha jedwali ukutani. Wabeba mizigo kumi na wanne, wauzaji ishirini na wanne. Aimée akahesabu, akahesabu tena, akamwangalia. Ojok hakugeuka.

Mwalimu Baker alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo. Akavua miwani. "Mliniahidi sitini. Hawa ni thelathini na wanane. Wengine wamekwenda wapi?"

"Tumesafisha data, mwalimu. Kulikuwa na majina iliyojirudia."

"Majina gani?"

"Masika, mwalimu. Ilikuwa saba. Na Muhindo, na Kule, na Bwambale."

Darasa likalipuka. Watu walipiga meza, wengine walishika mbavu. Lillian wa safu ya mbele akasimama: "Mwalimu, mimi nyumbani ni Masika! Ananifuta na mimi?" Na nyuma mtu akapaza sauti, "Na mama yangu!"

Mwalimu alisubiri wanyamaze. "Ojok, wewe ni mgeni, kwa hiyo sikiliza. Sisi Bakonzo, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, mtoto anapata jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Mvulana wa nne ni Kule, na mimi unayeniita Baker, nyumbani ni Kule. Muhindo ni yule aliyefuata baada ya zamu ya wavulana au ya wasichana kubadilika. Kila nyumba ina hao. Miaka nayo, mtu asiyejua alizaliwa lini atakuambia thelathini. Sasa tazama ulichofanya. Wenye vibanda wengi walitoa majina ya kanisani, wakapona. Wabeba mizigo wanaogopa kuandikwa, wakatoa la nyumbani tu. Umewafuta nani? Wale wale ambao swali lako lilikuwa linawatafuta." Akavaa miwani. "Si kitu. Fomu ziko wapi? Ingiza upya."

Ojok akashika tai ya baba yake. "Nilichoma, mwalimu."

Aimée akageuza kichwa polepole, na pale ndipo alipoelewa yote. Mtu hachomi kosa la hesabu. Anachoma kitu anachokionea aibu.

"Na wewe Aimée," mwalimu aliendelea, "nilisema kila mtu apewe namba, jina libaki pembeni. Kwa nini uliandika majina?"

"Nilisahau, mwalimu."

"Basi wote wawili mna siku kumi na mbili. Watafuteni hao ishirini na wawili, wapimeni upya, na andikeni kwenye ripoti kilichotokea bila kupunguza. Msipowapata, mnarudia mwaka."

Kwa Ojok kurudia mwaka kulikuwa aibu. Kwa Aimée kulikuwa mwisho wa shule.

Nje, kwenye ukuta wa matofali, Ojok alimfikia.

"Aimée, mpenzi, sikiliza."

"Ulifikiri nimetunga."

"Nilitaka kukukinga. Mwaka jana kuna mtu..."

"Ulifikiri nimetunga!"

Ojok akashusha mikono. "Ndiyo."

"Simu uko nayo. Juu ya nini haukuuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Pale mpakani bananiita mwongo tangu niko mutoto. Lakini banauliza kwanza, Ojok. Askari anauliza, mutu wa mhuri anauliza. Weye haukuuliza hata mara moja. Ulinihukumu, ukanihurumia, ukawasha moto."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Aimée akavuta mkoba wake begani. "Kile unataka," alisema, akaenda zake na sketi yake nyeusi ikipiga magoti.

Ojok alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo na kesho yake. Mara ya kumi na mbili akapokea Rachelle.

"Hayuko," alisema. "Yuko hapa, lakini hayuko."

Ijumaa asubuhi akashuka Mpondwe peke yake, na kipandio cha mbao kichwani, na karatasi mkononi. Akasimama karibu na vibanda, akapanua kifua, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yake kwenye gwaride.

"Masika! Masika wote, kuja hapa! Panga laini! Muhindo, simama upande huu!"

Wanawake kama kumi na tano waligeuka. Wakaona kijana mrefu, nywele zimekatwa chini kabisa, orodha mkononi. Kufumba na kufumbua hakuna mtu. Mmoja aliacha hata gunia. Mwanamume mmoja aliyebaki akainua mikono: "Afande, mimi sibebi kitu, napita tu!"

Nyuma ya vitenge vilivyokunjwa kwa rangi, Rachelle alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Weye mutoto ya askari, unapima mioyo ao unakamata bantu?"

"Mama, nisaidie. Mimi nimeharibu."

"Hiyo najua. Kaa. Na ushushe hiyo sauti, hapa si kambini." Akampa kigoda. "Ukitaka Masika, hauulizi Masika. Unauliza Masika wa nani, wa kutoka wapi, mama ya nani. Hata Aimée ni jina ya ubatizo. Kwetu sisi yeye ni Masika."

Ojok alimwangalia. "Kwa hiyo angekuwa kwenye karatasi, ningemfuta."

"Ungemfuta na ungemchoma," Rachelle alisema, akaendelea kukunja vitenge.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule aliyeacha gunia, mwanamke mdogo wa mwili, miguu mikavu yenye misuli, kanga imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Aliitwa Muhindo.

"Nasikia ulinichoma," alisema.

"Ndiyo, mama. Naomba unisamehe. Naomba nikupime tena. Ukikataa, hakuna neno, nitaelewa."

Muhindo akamtazama juu mpaka chini. "Beba hili mpaka stoo kule juu. Halafu tutaongea."

Wakamfunga kamba kwenye paji, wakamtwika. Shingo ikamlia. Hatua mia moja za kwanza alitabasamu, mia ya pili alifunga macho, mia ya tatu Muhindo alimpita na gunia lake mwenyewe akimpungia mkono. Walipofika, Ojok alimwonyesha jinsi ya kushika kifundo na kutazama mshale wa saa, na Muhindo, mbele ya wenzake wote, akahesabu kwa sauti. Akafika mia moja sabini na mbili. Wa kwake Muhindo ulikuwa mia moja kumi na nane.

"Huyu ndiye mukimbiaji?" mtu aliuliza, na soko likacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowarudisha watu. Walijua wenyewe nani alipimwa na Aimée na nani hakupimwa, na hawakuruhusu mtu kujipenyeza. Ojok alimpa kila mmoja kikaratasi chenye namba. Kila mmoja alimwuliza kwanza kama anakubali, na aliyesema ngoja alimngoja. Ijumaa hiyo alipata kumi na mmoja. Jumanne akarudi, akabeba tena magunia mawili, akapata wanane.

Nyumbani Bwera, Rachelle na Aimée walichambua maharagwe kwenye ungo mmoja.

"Leo alibeba tena," Rachelle alisema.

"Sikukuuliza, tantine."

"Ndiyo, haukuuliza. Ninasema na maharagwe."

Bakuli likajaa. Aimée akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Amefika bangapi?"

"Kumi na tisa. Watatu hawajulikani walipo."

Ijumaa ya pili Aimée akatokea sokoni, amevaa kitenge cha kazini kilichopauka na viatu vya mpira, nywele kwenye kitambaa.

"Nimekuja juu ya masomo yangu," alimwambia Ojok. "Si juu yako."

"Sawa."

"Bale watatu ninawajua sura. Bwambale wawili beko ng'ambo, banashusha viazi. Kule alienda Kabatoro, kubeba chumvi."

Wawili wa viazi waliwasubiri darajani mpaka saa nane, wakawapima. Jumamosi asubuhi wakachukua pikipiki mbili, kila mtu yake, mpaka Kabatoro. Huyo Kule walimkuta kando ya mashimo ya chumvi, mzee mkavu, miguu imekuwa myeupe mpaka magotini. Alipanda kipandio dakika tatu bila kuuliza kwa nini, akakaa juu ya jiwe, Aimée akahesabu. Ojok akaandika: namba ishirini na mbili, tisini na nne.

Wakati wa kumngoja mzee avae fulana yake, Aimée akasema akiangalia maji, "Sikusahau."

"Kusahau nini?"

"Namba. Mwalimu aliniuliza, nikasema nilisahau. Nilidanganya. Tulipofika kambi ya wakimbizi baliniandika namba kwenye karatasi, na miezi saba hakuna mutu aliniita jina. Basi nikasema mutu wangu mimi hataitwa namba. Ningewapa namba, haungewafuta."

Zamani Ojok angesema usijali, nyamaza tu, nitalipanga mimi. Akauliza, "Unataka kumwambia mwalimu?"

"Nitamwambia."

Akamwambia kweli, Jumatatu, amesimama, mbele ya wote. Na Ojok akasoma sehemu yake ya ripoti, mstari kwa mstari: nilifuta watu ishirini na wawili bila kuuliza, nilichoma fomu, kosa ni langu, hao wamepimwa upya baada ya majuma kadhaa. Okello aliinamisha kichwa. Kisha jedwali likaonyeshwa, watu sitini. Baada ya kipandio na dakika moja ya kupumzika, wabeba mizigo wastani wao tisini na nane, wauzaji mia moja kumi na nne.

"Kwa hiyo kubeba magunia kunatengeneza moyo?" Mwalimu Baker aliuliza.

"Hatuwezi kusema hivyo, mwalimu," Aimée alijibu. "Labda wenye moyo dhaifu waliacha kubeba zamani, hatukuwakuta pale. Tunasema tulichoona tu."

Mwalimu aliandika kitu, muda mrefu. "Mmepita," alisema. "Si kwa alama za juu. Lakini mmepita."

Darasa lilipotoka, wawili wakabaki kwenye baraza. Jua la saa sita lilikuwa kali, wanafunzi wanapita na sahani za matoke, mtu fulani anaita jina la mtu. Ojok alikuwa na alama nyekundu ya kamba kwenye paji, haijafutika bado. Alisimama mbali kidogo na Aimée, mikono nyuma.

"Aimée, nina swali. Unaweza kukataa kujibu."

"Uliza."

"Niendelee kukupigia simu, au niache? Ukisema niache, nitaacha. Sitakasirika. Nataka kusikia unavyotaka wewe."

"Kile una..." Aimée alianza, akajikata. Akashika mikanda ya mkoba wake kwa mikono miwili. Mtu wa matoke akapita katikati yao, akaomba radhi, akaenda. Aimée akavuta pumzi, akamwangalia usoni, na safari hii ulimi ukapata njia.

"Nilikasirika sana, na bado kidogo niko na hasira. Lakini nilijua ninachotaka tangu siku ile, nikaogopa kusema. Sitaki mutu wa kunifichia. Nataka mutu ambaye akiwa na shaka na mimi, anakuja mbele ya macho yangu ananiuliza. Na nataka huyo mutu akuwe weye, Ojok."